Kutopanda Mlima Si Kutoujua

Mlima mrefu kuliko yote ndani ya Duara la Aktiki uko mashariki mwa Greenland. Unaitwa Gunnbjørn Fjeld na una mita 3,694. Kwa urefu hauwezi kuturingia, manake Batian yetu inaupita kwa mita 1,500 hivi. Lakini huo wa kwao umezingirwa na barafu pande zote. Barabara hakuna, kijiji kiko mbali sana, na kwa miaka mingi njia ya kuufikia ilikuwa meli inayojipenyeza kati ya mabonge ya barafu baharini, kisha siku kadhaa za kutembea ukivuta mzigo.

Jina lake lina stori. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, baharia mmoja wa Kinorse, Gunnbjörn Ulfsson, alikuwa akitoka Norway kwenda Iceland. Upepo ukamtoa njiani, ukamsukuma magharibi kuliko alivyotaka. Huko akaona visiwa vidogo vya mawe, na nchi kwa mbali. Hakushuka. Akarudi zake, akasimulia, basi. Yaani mtu amepotea njia, ameona kitu kwa mbali, ameenda nyumbani, na leo mlima mrefu kuliko yote katika Aktiki unaitwa kwa jina lake. Kwa sheria hiyo, kila abiria aliyewahi kukaa dirishani ndege ikipita Kilimanjaro anafaa kupewa kilele chake.

Rekodi nayo inasema mlima huu ulipandwa kwa mara ya kwanza tarehe 16 Agosti 1935. Waliofika juu ni Augustine Courtauld, Jack Longland, Ebbe Munck wa Denmark, na ndugu wawili, Lawrence Wager na H. G. Wager. Fungua kitabu chochote kinachoeleza historia ya mlima huo, utaipata sentensi hiyo, na mimi sina sababu ya kuipinga. Sijui dalili yoyote kwamba kuna mtu aliyesimama pale kabla yao. Tarehe wabaki nayo. Ninachogombania ni kazi ambayo sentensi hiyo hufanyishwa, jinsi inavyoanza kama habari ya michezo na kuishia kuwa hatimiliki.

Na nina ugomvi wa pili, huu wa hapa nyumbani. Kila mara sentensi kama hiyo inapotajwa kuhusu milima yetu, sisi vijana tunaojiona tumeamka tunakimbilia jibu moja: "Wacheni uongo, wenyeji walikuwa wameshapanda kitambo." Ni jibu tamu, na mitandaoni linavuna mioyo mingi. Lakini ni jibu la mtu ambaye amekubali sheria zote za mchezo wa mwenzake, analalamikia matokeo tu. Ninataka kuonyesha kwamba tunaweza kukataa mchezo wenyewe, na mlima huu wa mbali unatusaidia kwa sababu pale hatuna hata hiyo nafasi ya kudai kwamba kuna mwenyeji aliyetangulia.

Pwani ya mashariki ya Greenland ni nchi ya Tunumiit, Wainuit wa upande huo. Maisha yao yalikuwa baharini na ukingoni mwa bahari: sili, nyangumi, dubu, samaki, ndege. Nyama ilikuwa chakula, mafuta yalikuwa taa na joto la nyumba, ngozi ilikuwa nguo, hema na mashua. Sasa muulize mwindaji wa sili kwa nini hakupanda Gunnbjørn Fjeld. Huko juu hakuna sili. Hakuna nyasi, kwa hivyo hakuna mnyama wa kula nyasi. Kuna mwamba, theluji, na nyufa za barafu zinazoweza kummeza mtu pamoja na mbwa wake. Mtu mwenye watoto wanaongoja nyama atapanda kufanya nini?

Katika masimulizi ya Greenland kuna kiumbe anayeitwa qivittoq. Ni mtu aliyeudhiwa au kuaibishwa na wenzake, akawaacha, akaenda kuishi peke yake huko bara, milimani, hadi akageuka kuwa kitu kingine, si binadamu wa kawaida tena. Watu walimwogopa. Kwenda huko peke yako kulikuwa kujikata kutoka kwa jamii. Kwa hivyo kile ambacho magazeti ya Ulaya yangeita ushujaa, mtu wa pwani angeweza kukiona kama dalili ya mtu aliyegombana na familia yake. Angekuombea, halafu angeuliza ni nani aliyekukosea.

Na bado walikuwa na neno. Kilele cha mwamba kinachochomoza katikati ya barafu kinaitwa nunatak. Neno hilo limetoka katika lugha ya Inuit, na leo wanajiolojia wa dunia nzima wanalitumia, hadi kule Antaktika ambako hakuna Minuit aliyewahi kuwa na kwao. Gunnbjørn Fjeld ni nunatak. Watu waliolileta neno hilo walikuwa wakivitazama vilele vya aina hiyo kwa makini, wakavitofautisha na milima ya pwani, na wakaamua kwamba ni vitu vya kutazamwa kutoka mbali. Uamuzi huo umetokana na maarifa. Ukiuandika kama pengo katika historia, ukisema mlima ulikuwa "haujulikani" hadi 1935, umefuta akili ya watu walioishi karibu nao kwa vizazi.

Hoja yangu basi ni hii: kutopanda mlima si kutoujua. Wakati mwingine mtu hapandi kwa sababu anaujua vizuri.

Sasa tuwaangalie hao watano walifikaje. Njia ya 1935 ilianza miaka mitano nyuma. Mwaka 1930 kijana Mwingereza wa miaka 23, Gino Watkins, aliongoza msafara kwenda Greenland kuchunguza njia ya ndege kati ya Uingereza na Kanada. Ni katika msafara huo ndipo safu hii ya milima ilionekana kutoka angani, na ndiyo sababu leo inaitwa safu ya Watkins. Courtauld na Lawrence Wager walikuwamo. Courtauld alikaa peke yake miezi mitano katika kituo kidogo juu ya barafu, theluji ikamfunika hadi akashindwa kutoka, na wenzake wakaja kumfukua Mei 1931 akiwa hai. Watkins yeye alijifunza kayaki kwa wawindaji wa Ammassalik, akajifunza kuwinda sili kama wao. Alirudi 1932, safari hii akisaidiwa na fedha za kampuni ya ndege ya Pan Am, na tarehe 20 Agosti akatoka kuwinda peke yake. Kayaki yake ilipatikana ikielea bila mtu. Alikuwa na miaka 25.

Niambie ni kitu gani katika hadithi hiyo hakikutoka kwa wenyeji. Mbwa wa kuvuta sileji, kayaki, nguo za manyoya, ujuzi wa kusoma barafu ya bahari na kujua itakubeba au itakuzamisha, vyote vilikuwa vimejaribiwa na watu wa Aktiki kwa mamia ya miaka. Hata anoraki, ile jaketi yenye kofia unayovaa mvua ikinyesha Nairobi, jina lake limetoka Greenland. Wager alipobaki kule baada ya kupanda mlima, ili kufanya utafiti wakati wa baridi, aliishi kwenye fyodi ya Kangerlussuaq pamoja na Wainuit kutoka Ammassalik. Lakini orodha ya "wa kwanza kupanda" ina majina matano tu. Orodha ya aina hiyo hupimwa kwa hatua ya mwisho. Kilichokubeba hadi mlangoni hakina safu yake kwenye jedwali.

Mtindo huu haukuanza na Watkins. Kati ya 1883 na 1885, ofisa wa jeshi la majini la Denmark, Gustav Holm, alisafiri kando ya pwani hiyohiyo hadi Ammassalik, akakuta jamii ya watu zaidi ya 400. Wadenmark wenyewe huuita msafara wa mashua za wanawake, kwa sababu umiak, ile mashua kubwa ya ngozi, kwa desturi hupigwa makasia na wanawake. Wanawake wa Greenland wakapiga makasia, Holm akatoa jina. Eneo lote akaliita Nchi ya Mfalme Christian wa Tisa, mfalme ambaye hakuwahi kukanyaga Greenland maishani mwake.

Soma ramani ya upande ule leo ni kama unasoma orodha ya waalikwa wa harusi ya watu wengine. Kuna mfalme ambaye hakufika. Kuna baharia aliyepotea. Kuna Watkins. Kuna Mont Forel, jina la mwanasayansi wa Uswisi. Karibu kabisa na Gunnbjørn Fjeld kuna vilele viwili vinavyoitwa Qaqqaq Kershaw na Qaqqaq Johnson. Qaqqaq kwa Kigreenland ni mlima. Umeona ujanja? Mwenyeji ameruhusiwa kusema "mlima", halafu mgeni akajaza jina.

Na majina hayo hayakuwa mapambo. Mwaka 1931 Norway ilitangaza kwamba sehemu ya Greenland mashariki ni yake. Denmark ikaenda mahakamani The Hague, katika Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, na tarehe 5 Aprili 1933 ikashinda. Mabishano yalikuwa juu ya nani ametunga sheria za pale, nani ametia saini mkataba gani, nani ametambua madai ya nani. Mataifa mawili ya Ulaya yalikuwa wadaawa. Tunumiit hawakuwa upande wowote katika kesi hiyo, walikuwa sehemu ya mali iliyogombaniwa. Miaka miwili baadaye watu watano wakasimama juu ya kilele. Sisemi walitumwa na mahakama. Nasema walipanda katika dunia ambayo tayari ilikuwa imekubaliana jinsi ya kuhesabu: mtu anakuja, anaona, anaandika, anarudi kwao kuchapisha, na kilichochapishwa ndicho kilichotokea.

Wahenga wetu walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Huu wa Greenland na wa kwetu ilikutana, na ilikutana kupitia kamba ya kupandia.

Mwaka 1933, kabla ya Greenland, Lawrence Wager na Longland walikuwa Everest. Longland anakumbukwa kwa kuwashusha wapagazi wanane salama katika dhoruba kali. Jina lake limo katika masimulizi yote. Majina ya wale wanane, kayatafute mwenyewe uone utachukua muda gani. Wager alipanda akiwa amefungwa kamba moja na Percy Wyn-Harris. Walifika mita 8,570 hivi bila oksijeni ya mtungi, na njiani wakaokota shoka la barafu la wapandaji waliopotea mwaka 1924, kisha wakageuka.

Huyo Wyn-Harris alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni hapa Kenya. Januari 1929, yeye na Eric Shipton, kijana aliyekuwa amekuja nchini kujifunza kilimo cha kahawa, walipanda Nelion, wa kwanza kuandikwa, wakavuka hadi Batian. Batian ilikuwa imefikiwa mara moja tu katika rekodi, na Halford Mackinder na waongozaji wake wawili wa Alps, Septemba 1899. Wyn-Harris aliendelea kupanda hata ofisini: akawa Kamishna Mkuu wa Wenyeji wa Kenya, kisha gavana wa Gambia. Mkono ulioshika kamba ndio ulioshika faili.

Na Mackinder? Msafara wake ulikuwa na watu 170. Wazungu sita, Waswahili 66, Wamaasai wawili wa kuonyesha njia, na Wakikuyu 96. Watatu walifika Batian, na katika vitabu vya shule kwa kawaida unamkuta mmoja. Piga hesabu hiyo mwenyewe. Halafu akavipa vilele majina ya viongozi wa Kimaasai, Batian, Nelion na Lenana, juu ya mlima ambao Wakikuyu, Waembu na Wameru walioishi miguuni pake walikuwa na majina yao tayari. Hata alipotaka kumheshimu Mwafrika, hakumuuliza aliye karibu.

Miaka mitatu baada yake, Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 ikaipa serikali ya kikoloni uwezo wa kuwagawia walowezi ardhi ambayo, kwa macho yake, haikuwa na mtu. Kwa macho yake. Shamba lililopumzishwa lilionekana tupu. Malisho yanayongoja mvua yalionekana tupu. Msitu wa matambiko ulionekana tupu. Jicho lililoangalia kilele kisichokanyagwa likaona kinamngoja yeye, ndilo jicho lililoangalia bonde la Rift. Ndiyo maana sitaki mtu aniambie haya ni mambo ya wapenda milima tu. Babu zetu walihamishwa kwa sarufi hiyo.

Sasa turudi kwenye jibu letu tamu, kwamba wenyeji walishapanda. Inawezekana kuna mwindaji wa asali au mganga aliyefika juu sana kwenye Mlima Kenya kabla ya 1899. Vizuri kama alifika. Lakini thamani ya uhusiano wa watu na Kirinyaga haikungoja yeye afike. Wakikuyu waliuona mlima kama makao ya Ngai duniani, na walisali wakiuelekea. Jomo Kenyatta alipochapisha kitabu chake London mwaka 1938, alikiita Facing Mount Kenya. Angalia kitenzi alichochagua. Kuelekea. Watu wanaweza kupanga nyumba, sala na kiapo kwa kuuelekea mlima, vizazi na vizazi, bila kuona haja ya kusimama juu ya kichwa chake. Ukienda kumtafutia Mackinder mshindani Mkikuyu, umekubali kwamba kuelekea ni kidogo kuliko kupanda. Nani alituambia hivyo?

Najua mtu atanitajia Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera yetu kwenye Mlima Kenya tulipopata uhuru Desemba 1963. Mimi pia nikiifikiria ile picha moyo unanidunda. Sina neno baya dhidi ya mtu aliyebeba bendera katika baridi ile. Lakini tazama sarufi tuliyoiazima: taifa jipya likitaka kuonyesha kwamba nchi ni yake, lilipeleka kitambaa kileleni, kama walivyofanya waliotangulia. Tulikuwa na haki ya kufurahi. Tutakosea tu tukiamini kwamba kabla ya usiku ule mlima ulikuwa wa mtu mwingine.

Kuna pingamizi ambalo ni la haki, na silikwepi. Mtu atasema: hawa watu walikuwa mashujaa kweli. Courtauld alizikwa hai kwenye theluji. Wager alikuwa mwanasayansi mkubwa, na utafiti wake wa mwamba wa Skaergaard unasomwa hadi leo vyuoni. Kuna furaha ya kupanda ambayo haihusiani na ukoloni wowote, ile ya mapafu kuwaka na macho kufunguka. Nakubali yote. Mtu apande mlima wowote anaotaka. Wager angeweza kufika juu, akapumua, akachora mawe yake, akashuka, na mimi nisingekuwa na makala. Ushujaa ni wa mtu na mwili wake. Shida inaanza pale ushujaa wa mmoja unapogeuzwa ushahidi kwamba wengine hawakuwepo. Na Skaergaard hiyohiyo, kwa taarifa yako, baadaye iligunduliwa kuwa na dhahabu na paladiamu. Nchi inayosemekana tupu mara nyingi huwa na kitu ambacho msemaji amekiona.

Ukidhani nachimba makaburi, fuatilia habari. Mwaka 1946 Marekani ilitaka kuinunua Greenland kwa dola milioni 100 za dhahabu. Mwaka 1953, Wainuit wa kaskazini walihamishwa kutoka makazi yao ili kupisha kambi ya jeshi la anga la Marekani ya Thule. Mwaka 2019 Donald Trump akasema anataka kuinunua, na 2025 akarudi na stori hiyohiyo kwa sauti kubwa zaidi. Viongozi wa Greenland wakajibu kwamba nchi yao haiuzwi. Wanaishi pale watu kama 57,000, wenye bunge lao, lugha yao ambayo ndiyo lugha rasmi tangu 2009, na mji mkuu ambao waliacha kuuita Godthåb, wakauita Nuuk. Lakini sikiliza mazungumzo ya mitandaoni, hata ya Wakenya: "Si ni barafu tu? Kwani kuna watu huko?" Mkenya akiuliza swali hilo, nasikia mlowezi wa 1902 akiuliza swali lake kuhusu Laikipia.

Yuko Mwafrika aliyeenda Greenland kwa njia nyingine. Tété-Michel Kpomassie alikuwa kijana Togo alipokutana na kitabu kuhusu Wainuit. Akaondoka kwao, akafanya vibarua nchi moja baada ya nyingine, Afrika na Ulaya, miaka kadhaa, hadi akashuka Greenland mwaka 1965. Hakwenda kupanda kitu. Alikaa kwenye nyumba za watu, akala walichokula, akajifunza kuwinda na kuvua, akaishi na mzee mmoja kule Upernavik katika nyumba ya udongo na nyasi. Kitabu chake kilitoka kwa Kifaransa 1981, na kinachokaa akilini ukikisoma ni watu: nani alimkaribisha, nani alimcheka, nani alimpikia. Huyo pia alikuwa wa kwanza wa aina yake machoni mwa waliompokea, lakini hakuna mwamba unaoitwa Kpomassie, na hajapungukiwa na chochote.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu sisi ndio tunaandika sasa. Wikendi ya Nairobi imekuwa ya milima. Ngong, Longonot, Elephant Hill, na mwenye mfuko mzito kidogo anaenda Lenana. Napenda sana mambo hayo, ni afadhali kuliko kulala. Lakini soma maneno chini ya picha. "Tumeushinda." "Tumeuteka." Umeuteka kutoka kwa nani, buda? Mlima ulikuwa na bunduki? Ulipanda saa tano, ukapiga picha, ukashuka kutafuta nyama choma. Tena nyuma ya picha ya Lenana kuna mtu aliyebeba hema lako, mtungi wako wa gesi na chakula chako kutoka geti la Sirimon au Chogoria, alikutangulia kambini akakuwekea chai, na wiki ijayo atapanda tena na wengine. Amefika pale mara ngapi? Hakuna anayemwita mshindi. Katika picha yako amekatwa, limebaki bega.

Kwa hivyo ninaomba mambo madogo, tena rahisi, kwa kila anayeandika makala, maelezo ya picha, au ukurasa wa ensaiklopidia usiku akiwa na data ya kumalizia. La kwanza: acha kusema mlima "ulikuwa haujulikani". Sema haujulikani kwa nani. La pili: ukitaja waliofika kileleni, taja msafara mzima kwa idadi, na kwa majina pale majina yalipo. La tatu: mpagazi wako ukiwa na namba yake ya simu na jina lake unalijua, liandike chini ya picha, baada ya kumuuliza kama anataka. La nne: usimtafutie kila mlima mshindi mweusi. Uliza watu wa karibu walihusiana nao vipi, na kama jibu ni kwamba hawakupanda, andika sababu yao kwa heshima ileile unayompa aliyepanda.

Na pale unapolazimika kusema Gunnbjørn Fjeld ulipandwa lini, sema hao watano walikuwa wa kwanza kuandikwa. Ni neno moja tu la nyongeza, na halina uzito. Hata mpagazi hatalilalamikia.